Yuan Hongdao na Dawa Iliyogeuka Ugonjwa

Karne ya 16 ilipokuwa ikielekea ukingoni, msomi wa Kichina angeweza kusoma wasifu wa marehemu tangu mwanzo hadi mwisho asijue marehemu huyo alizaliwa wapi wala alishika cheo gani. Si kwamba mwandishi alisahau kutaja. Mji aliutaja na cheo alikitaja, ila kwa majina ya enzi za Qin na Han, dola zilizokufa zaidi ya miaka 1,300 nyuma. Majina ya siku zile aliyaona hayana hadhi ya kuingia katika maandishi ya watu wazima. Ofisa mmoja wa Beijing, Yuan Zongdao, alilalamika kwamba usipofungua kitabu cha jiografia ya dola huwezi kujua mtu anayesifiwa ni mwenyeji wa wapi.

Upuuzi huo ulikuwa na historia. Mapema katika karne hiyo, Li Mengyang (1473–1530) na wenzake walishika msimamo kwamba anayeandika nathari aitazame Qin na Han, na anayetunga mashairi aitazame Tang ilipokuwa kileleni, yaani karne ya nane. Yaliyokuja baadaye hayakuwa na cha kumfunza mtu. Kizazi kilichofuata kiliongozwa na Li Panlong na Wang Shizhen, na huyu wa pili, hadi alipofariki mwaka 1590, ndiye aliyekuwa mwamuzi wa nani ni mwandishi na nani si mwandishi katika nchi nzima. Kijana aliyetaka jina alipeleka kazi zake kwake na kungoja.

Hata hivyo tuwatendee haki, maana vitabu vya historia ya fasihi huwageuza vikaragosi. Li Mengyang alianza kama mwasi. Alikuta ushairi wa nasaba ya Ming umekaliwa na mtindo wa maofisa wakuu wa kasri: mashairi laini, yenye kushukuru, yasiyomkera mtu. Kurudi Tang kwake kulikuwa kutafuta nguvu iliyokuwa imepotea. Alipolaumiwa kwamba anaiga mno, alijibu kwa mfano wa hati: mwanafunzi anayenakili maandishi ya bingwa wa kale hasutwi kwa kufanana naye, bali huambiwa kwamba sasa anajua kuandika. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Tatizo lilikuwa kwamba wanafunzi wa wanafunzi wake hawakuacha kunakili, na baada ya miaka themanini waliona haya kutaja kijiji chao kwa jina lake.

Zongdao aliwajibu kwa kejeli. Kama kufuata wazee ni kufanya walichofanya, alisema, basi na tuvue majoho tuvae majani na ngozi, na nyama tuile mbichi. Watu wa kale walisema kwa maneno ya siku zao, na anayetaka kuwafuata kweli aseme kwa maneno ya siku zake. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuwahusudu kina Li Panlong kabla ya kugeuka, na chumba chake cha kusomea akakipa jina la Bai Juyi na Su Shi, washairi wawili wasiokuwamo katika orodha iliyoruhusiwa. Lakini Zongdao alikuwa mtu mpole, mshindi wa kwanza wa mtihani mkuu wa mwaka 1586, mwenye nafasi yake serikalini. Aliyeigeuza kejeli hiyo kuwa vita ni mdogo wake, Hongdao.

Walikuwa ndugu watatu: Zongdao (1560–1600), Hongdao (1568–1610) na Zhongdao (1570–1626), wenyeji wa Gong'an, mji mdogo ulio kusini mwa Mto Yangtze katika mkoa ambao leo ni Hubei. Huko Suzhou na Hangzhou, kulikojaa maktaba na matajiri wa kununua picha, Gong'an haikuwa jina la kumtisha mtu. Hongdao alipata cheti cha juu cha mitihani ya serikali mwaka 1592, lakini kilichompa uelekeo kilitokea mwaka mmoja kabla, alipokwenda Macheng kumtembelea Li Zhi.

Li Zhi alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sitini, ofisa aliyejiuzulu, aliyenyoa kichwa kama mtawa wa Kibudha na kuishi kando ya ziwa akigombana na wasomi wa Kikonfusio kwa barua. Mwaka 1590 alichapisha kitabu alichokiita cha kuchomwa moto, na hakukosea sana katika utabiri huo. Mafundisho yake juu ya fasihi yalikuwa na kiini kimoja: maandishi mazuri yote hutoka katika moyo wa kitoto, moyo ambao bado haujazibwa na vitabu na sifa; ukishazibwa, hata ukisema kweli unasema kweli ya kuazima. Hongdao alikaa kwake miezi kadhaa. Zhongdao aliandika baadaye kwamba kaka yake alitoka huko akijua kuwa hadi siku ile alikuwa anaokota masazo ya watu.

Mwaka 1595 alipewa ukuu wa wilaya ya Wu, iliyoshika sehemu ya mji wa Suzhou. Kazi aliichukia. Katika barua kwa marafiki alijieleza kuwa mtumwa mbele ya wakubwa, malaya mbele ya wageni wanaopita, mtunza ghala mbele ya kodi. Cha ajabu ni kwamba aliiweza: Shen Shixing, aliyewahi kuwa kiongozi wa baraza la kaizari na sasa alikuwa amestaafu Suzhou, alimsifu kuwa wilaya haikuwahi kupata mkuu kama huyo kwa karne mbili. Hongdao aliandika ombi la kuacha kazi, likakataliwa, akaandika tena na tena, hadi mwanzoni mwa mwaka 1597 akaachiliwa.

Katikati ya kero hizo, mwaka 1596, aliandika dibaji ya diwani ya Zhongdao. Ni kurasa chache tu, nazo ndizo zilizomfanya mtu wa kutajwa katika kila kitabu cha fasihi ya Kichina. Humo alidai kwamba mshairi atoe kilichomo ndani mwake peke yake, bila kujifunga kwa kanuni zilizokwisha kukatwa, na kwamba asiandike neno ambalo halikutiririka kutoka kifuani mwake. Madai ya namna hii tumeyasikia kwa watu wengi, wa nchi nyingi. Kilicho chake hasa ni hukumu aliyoitoa juu ya ndugu yake. Alisema mashairi ya Zhongdao yana sehemu nzuri na sehemu mbovu. Zile nzuri hazina haja ya kuelezwa. Lakini hata zile mbovu zina rangi yake mwenyewe, na yeye Hongdao alizipenda hizo mbovu kuliko zote. Zile nzuri zilimsikitisha, kwa sababu ndani yake bado aliona nakshi za kuigiza.

Ipime hukumu hiyo. Msomaji wa kawaida anaposema kasoro ni ya kusamehewa, anamaanisha kwamba uzuri umeizidi. Hongdao hasamehi kitu. Kwake kasoro ni ushahidi: pale mtu anapokosea kwa namna ambayo hakuna mwingine angekosea, hapo ndipo umeshika mkono wake. Dibaji hiyo hiyo inasema kwamba katika mashairi ya kizazi chao pengine yatakayodumu ni nyimbo za mitaani zinazoimbwa na wanawake na watoto, kwa sababu waimbaji hao hawajui Tang wala Han na hivyo wanasema kweli.

Kuanzia hapo akawa hashikiki. Mwaka huo wa 1596 alimwandikia mchoraji Dong Qichang akiulizia riwaya moja iliyokuwa ikizunguka kwa nakala za mkono, Jin Ping Mei, akiisifu kupita tungo maarufu ya enzi ya Han. Barua hiyo ndiyo kumbukumbu ya mapema kabisa tuliyo nayo ya kuwako kwa riwaya hiyo. Alizitetea hata insha za mitihani ya serikali, zilizochukiwa na kila aliyezifanya, kwa hoja ya kuchekesha lakini yenye mantiki: mtahini huchoka na mtindo wa mwaka jana, basi mtahiniwa analazimika kuwa mpya. Rafiki mmoja wa Suzhou, Zhang Xianyi, alipomwambia kwa nia njema kwamba mashairi yake yanafanana na ya Tang, Hongdao alimjibu kwamba ni kweli, na ndiyo maana hayo si yale anayojivunia. Katika barua hiyo alifika mahali pa kusema kwamba watu wakiisifu Tang yeye anasema Tang haina ushairi, na kwamba mashairi yake mwenyewe ni mchezo tu wa kalamu.

Alipokwisha kuvua joho la ukuu wa wilaya, alizurura kwa miezi katika milima na maziwa ya Zhejiang. Huko Shaoxing, nyumbani kwa rafiki yake Tao Wangling, usiku mmoja alichomoa kwenye rafu kijitabu cha karatasi duni na wino uliofifia. Alikisogeza kwenye taa. Baada ya mashairi machache aliruka akamwita Tao na kumuuliza mwandishi huyu ni nani, wa leo au wa kale. Alikuwa Xu Wei, mwenyeji wa mji huo huo, mshairi na mchoraji aliyefariki mwaka 1593, maskini, baada ya maisha ya wazimu na gereza. Wawili hao waliendelea kusoma na kupiga kelele hadi watumishi waliolala wakaamka. Hongdao alimwandikia Xu Wei wasifu, na sehemu kubwa ya umaarufu wa mchoraji huyo ilianzia kwenye taa ile. Mwamuzi wa fasihi ya nchi, Wang Shizhen, aliishi zama moja na Xu Wei, na Xu Wei alikufa bila jina kubwa nje ya mji wake.

Sasa niseme nionavyo. Mashairi ya Hongdao ya mwaka 1597, yale ya diwani aliyoiita ya kufunguliwa minyororo, mengi hayafiki mbali. Yanacheka, yanaropoka, yanapita. Ukitaka kuona uhuru alioupigania ukifanya kazi, soma barua zake na maelezo yake ya safari. Humo sentensi ni fupi, jicho liko wazi, na mtu anazungumza. Katika ushairi alikuwa bado anapigana na Li Panlong, na anayepigana na mtu hubaki amemtazama yeye. Nathari ya safari ilikuwa uwanja ambao maadui zake hawakuukalia, kwa hiyo humo hakuwa na haja ya kumpinga yeyote.

Yeye mwenyewe alikuwa karibu kuliona jambo hilo. Mnamo mwaka 1600 alimwandikia dibaji rafiki yake Jiang Yingke, aliyekuwa mkuu wa wilaya jirani walipokuwa Suzhou. Humo hatukani mtu. Anaeleza namna fasihi inavyokwenda: kila mtindo huzaliwa kwa kuponya ugonjwa wa mtindo uliotangulia, na hukamilika kwa kuzidisha dawa. Ushairi wa Enzi Sita, zilizoitangulia Tang, ulijaa mapambo ya maneno yaliyopangwa mawili mawili. Ukaponywa kwa maneno yanayotiririka. Mtiririko ukawa wepesi. Wepesi ukaponywa kwa ukubwa na upana wa Tang. Ukubwa nao ukawa ukavu na kelele. Na kadhalika, karne baada ya karne, hadi kwa Ouyang Xiu na Su Shi wa enzi ya Song, na baada yao pia.

Nadharia hii ina umbo la mtego. Kama kila mpya hukamilika kwa kuzidisha, basi huyu naye aliyekuja kuwaponya wanakili wa Tang atazidisha, na ugonjwa wake utahitaji mganga. Hongdao hakuiandika sentensi hiyo, lakini dunia iliyomzunguka ilikuwa imeanza kumwandikia. Vijana wa Beijing na wa kusini walisikia kwamba kanuni zimekwisha, wakaanza kutunga kwa mtindo wa mtu asiye na kanuni. Walitumia maneno ya mtaani aliyoyatumia. Walicheka pale alipocheka. Mtu aliyesema kwamba fahari yake ni kutofanana na yeyote akawa na kundi la watu wanaofanana naye.

Mwaka huo huo wa 1600 Zongdao alifariki Beijing. Hongdao alirudi Gong'an, akapata eneo la bonde lenye maji kusini mwa mji, akalizungushia tuta, akalipanda miti ya mierebi kwa maelfu na kuliita Liulang, Mawimbi ya Mierebi. Alikaa huko takribani miaka sita, pamoja na watawa, na Zhongdao akija na kuondoka. Mwaka 1602 ilifika habari ya Li Zhi: alikamatwa karibu na Beijing kwa tuhuma za mafundisho potofu, akajikata koo gerezani. Hongdao alikuwa tayari amejitenga kidogo na mwalimu wake huyo. Aliona mafundisho yake yamepungukiwa na nidhamu, na yeye sasa alishika ibada ya Ardhi Safi, ya kulitaja jina la Buddha na kufunga. Waandishi wengi huyaunganisha haya yote na kusema aliogopa. Woga ulikuwapo, si ajabu. Lakini mgeuko katika fikra zake za fasihi una mantiki yake, na hauhitaji polisi wa kaizari ili ueleweke.

Kwanza alisoma. Katika miaka ya mwisho kabla ya kwenda Liulang alikuwa amekiri katika barua kwa mkubwa wake mmoja kwamba ndiyo kwanza anawasoma sawasawa mabingwa wa Tang na Song. Hilo si jambo dogo kwa mtu aliyekwisha kutangaza kwamba Tang haina ushairi. Kisha, kwenye bonde la mierebi, akamwandikia rafiki kwamba ushairi na nathari ni kazi yao hasa, kazi ya kuifanyia bidii hadi mwisho wa ufundi na mwisho wa mabadiliko. Mchezo wa kalamu ulikuwa umekwisha.

Halafu akaandika dibaji ya diwani ya familia moja, akina Guo, na humo akaja na kipimo kipya: ladha isiyotiwa kiungo. Alimrejelea Su Shi, ambaye uzeeni alimpenda Tao Yuanming, mshairi wa karne ya nne na ya tano aliyeacha kazi ya serikali akalime, kwa sababu ya utulivu wa lugha yake. Kila ladha, anasema Hongdao, inaweza kutengenezwa. Ukali hupikwa, utamu hupikwa. Ladha pekee isiyotengenezeka ni ile isiyo na ladha ya kujionyesha, na kwa kuwa haitengenezeki, hiyo ndiyo nafsi ya kweli ya mwandishi.

Tazama alichofanya. Nafsi ya mwandishi, ile aliyoipigania mwaka 1596, bado ipo, na bado ndiyo hakimu. Kilichobadilika ni mahali anapoitafuta. Akiwa Suzhou aliitafuta katika kasoro, katika kilichopinda, katika neno ambalo hakuna mwingine angelithubutu. Sasa amegundua kwamba kupinda nako kunaigika. Wafuasi wake walikuwa wamemthibitishia. Kasoro iliyokuwa ushahidi imekuwa vazi. Basi anauliza swali lake la zamani, ni kitu gani katika maandishi hakiwezi kuazimwa, na anapata jibu lingine. Ndiyo maana siwaafiki wanaosema kwamba Hongdao alizeeka akarudi nyumbani kwa wazee wake. Kwa kina Li Panlong hakurudi hata siku moja. Alimgeuzia Hongdao wa mwaka 1597 macho yale yale aliyowageuzia wao.

Mwaka 1606 alirudi Beijing kazini. Mwaka 1609 alitumwa Shaanxi kusimamia mtihani wa jimbo, na njiani akapanda Hua na Song, milima miwili mikubwa ya kale. Mashairi ya safari hiyo ni mazito kuliko ya awali, yamekaa chini. Mwaka uliofuata aliugua akafariki Shashi, ng'ambo ya Yangtze kutoka Gong'an, kabla ya kutimiza miaka 42.

Aliyebaki na mzigo ni Zhongdao, ndugu ambaye kasoro zake zilikuwa zimesifiwa. Yeye ndiye aliyehariri kazi za kaka yake, na utetezi aliouandika una pande mbili zinazovutana. Kwa wapinzani alisema: maandishi ya awali yalikusudiwa kuvunja pingu, ndiyo maana mahali pengine yanacheza. Kwa wapenzi wa kaka yake alikuwa mkali zaidi: alisema wanaomfuata wamechukua wepesi na umtaani, wanatoa kinywani chochote kinachokuja bila kukikagua, na ushairi utaugua tena. Alipoulizwa na vijana waanzie wapi, aliwaelekeza kwanza kwa washairi wa Han, Wei na Tang. Naam, Tang. Mganga aliyefuata alitoka mkoa ule ule: Zhong Xing na Tan Yuanchun wa Jingling walitoa mwaka 1617 mkusanyo wa mashairi ya kale waliyoyachagua kwa ajili ya kina na upweke wake, wakaufanya wepesi wa Gong'an uonekane wa kitoto. Nao hawakuchelewa kupata wafuasi waliozidisha, wakitunga mashairi ya giza yasiyoeleweka.

Chini ya nasaba ya Qing, wahariri wa maktaba kuu ya kaizari Qianlong walitoa hukumu kwamba waigaji wa kale angalau walikuwa na elimu, ilhali ndugu wa Gong'an walitegemea werevu tu. Vitabu vya Hongdao vikaingia kwenye orodha ya vilivyopigwa marufuku. Kisha, mwaka 1932, mwandishi Zhou Zuoren alitoa mihadhara Beijing akidai kwamba fasihi mpya ya China ilikuwa na babu zake huko Gong'an, na mwandishi mwenzake Lin Yutang akaliinua jina la Hongdao katika magazeti yake ya Shanghai kama mtakatifu wa insha fupi, starehe, chai na maua. Kazi zake zote zilichapishwa upya mwaka 1934. Watu wakaanza tena kuandika kama yeye.

Mwandishi Lu Xun aliyaangalia hayo akakereka. Alionyesha kwamba toleo hilo jipya lilikuwa limewekewa vituo mahali pasipo pake, sentensi zikakatwa katikati, na akasema kuna watu wanaouawa kwa matusi na wengine kwa sifa. Mwaka 1935 akafukua kisa cha zamani kuhusu mtihani ule wa Shaanxi wa mwaka 1609. Hongdao, yule aliyeomba mara nyingi aachiliwe ukuu wa Wu, alikuwa ametunga swali la kuwashusha watawa na wapweke wanaokataa kazi ya umma. Ofisa aliyesimamia naye mtihani alimuuliza ana maana gani. Alijibu kwamba mtu mkubwa wa eneo la Wu, akimkusudia msomi Gu Xiancheng, hataki kutoka nyumbani kuitumikia nchi, na kama watu wa aina hiyo hawatoki, dunia itamtegemea nani.